Nimeitwa tena baada ya picha ya matiti: nitazipitishaje siku za kungoja?

Mama wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nina miaka 47, ni mkaazi wa Langoni hapa Lamu, na ninaandika kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulizungumza nyumbani bila ya kuzua taharuki. Nilipokuwa Mombasa kwa shughuli nyingine, binamu yangu niliyefikia kwake alinishika mkono tukaenda kupiga picha ya matiti, kwa hoja kwamba nimeshapita miaka 40 na sijawahi kupimwa. Sikuwa na donge, sikuwa na maumivu, wala chuchu haikuwa imetoa majimaji. Nilirudi nyumbani, nikawa nimeshayasahau, ndipo nikapigiwa simu kwamba ninatakiwa nirudi kwa picha za ziada na ultrasaundi ya titi la kushoto, na kwamba ikibidi daktari atachukua kipande cha nyama kwa sindano. Katika ripoti niliyotumiwa imeandikwa "BI-RADS 0", kisha yakatajwa matiti mazito na chembe za chokaa.

Tangu hapo roho yangu iko juu juu. Mchana ninajimudu kwa kazi, lakini usiku nyumba ikishatulia huanza kujipapasa hadi titi lenyewe likauma, kisha maumivu hayo nikayahesabu kuwa ni ushahidi. Nimesoma mengi kwenye simu, na kila nilichosoma kimenizidishia jakamoyo. Mama yangu mkubwa alifariki kwa maradhi ya titi, na katika jamaa zetu habari zake zilisemwa kwa kunong'onezana tu, hata sisi tuliokuwa wadogo tukadhani ni maradhi ya aibu.

Ninaomba mnisaidie. Sifuri hiyo ni ya heri au ya shari? Je, ni kweli kwamba sindano huuchokoza uvimbe ukasambaa, kama wasemavyo wakubwa wetu? Mpwa wangu anaolewa, na siku ya miadi imeangukia katikati ya shughuli za harusi ambazo mimi ndiye msimamizi wa jikoni. Nikiahirisha hadi mambo yatulie, nitakuwa nimejidhuru? Na zaidi ya yote, mliopita njia hii mlizipitishaje siku za kungoja, na mlimwambia nani? Mume wangu ni mtu mwema lakini ni mwepesi wa kubabaika, na mama ni mtu mzima mwenye presha.

Mpiga Eksirei Mstaafu, Malindi

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nimefanya kazi katika vyumba vya eksirei kwa sehemu kubwa ya umri wangu kabla ya kustaafu hapa Malindi, na nitakujibu yale niliyo na elimu nayo, nikitanguliza kwamba picha zako sikuziona na kwamba mwenye kauli juu yake ni daktari wako.

Tuanze na hiyo sifuri. BI-RADS ni utaratibu uliowekwa na chama cha madaktari wa radiolojia wa Marekani wa kuyapanga majibu ya picha za matiti kwa namba, ili daktari wa Mombasa na wa Nairobi wakisoma ripoti moja waelewe jambo moja. Namba 1 maana yake hakuna kitu; 2, kuna kitu lakini hakina madhara; 3, inaelekea sana kwamba hakina madhara, na uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2; 4 ni ya kutiliwa shaka, na shaka yenyewe ni pana mno, kuanzia asilimia 2 hadi 95, ndiyo maana huigawa tena katika A, B na C; 5 ni pale daktari anapokaribia yakini; na 6 ni ya mtu ambaye saratani yake imekwisha kuthibitishwa maabara. Sifuri haimo katika ngazi hiyo. Sifuri ni daktari kusema kwamba picha alizonazo hazimtoshi kutoa kauli. Kwa hivyo wewe hujapewa jibu baya ukaachwa nalo. Hujapewa jibu lolote bado.

Kwa nini picha zisimtoshe? Sababu ya kwanza ni kwamba hii ni picha yako ya mwanzo. Mwanamke anayepimwa kila mara huwa na picha za zamani za kulinganisha, na kitu kilichokaa vilevile kwa miaka hakimshughulishi msomaji. Lakini kwako kila kitu ni kigeni kwake, hata kile ulichoishi nacho tangu ulipokuwa ukinyonyesha. Sababu ya pili umeitaja mwenyewe: matiti mazito. Hayo si maradhi, bali ni matiti yenye tishu za maziwa na nyuzi nyingi kuliko mafuta, na wanawake wengi wanayo, hasa kabla ya hedhi kukoma. Uzito huo huongeza kidogo uwezekano wa saratani, sitakuficha, lakini tabu yake kubwa kwetu sisi wa picha ni kwamba tishu hizo hutoka nyeupe na uvimbe nao hutoka mweupe, basi kimoja hujificha ndani ya kingine. Hapo ndipo ultrasaundi inapofaa, kwa kuwa haitumii mionzi, na hutofautisha mara moja kifuko cha maji na kinundu cha nyama.

Ama chembe za chokaa, hizo hazitokani na maziwa unayokunywa wala maji ya chumvi ya visima vyetu, maana swali hilo nimeulizwa na wanawake wa Lamu na wa Malindi mara nyingi. Ni chokaa inayoganda yenyewe ndani ya titi. Chembe kubwa zilizotawanyika kwa kawaida hutokana na umri, jeraha la zamani au mishipa ya damu, nazo haziongezi hofu. Ndogo mno zilizokusanyika mahali pamoja ndizo zinazotazamwa kwa makini, kwa kuwa mara nyingine huwa ni dalili ya saratani iliyo changa kabisa, ile isiyoweza kushikwa kwa mkono. Mara nyingine, na hili halichekeshi kwa aliyepoteza usingizi, huwa ni poda au dawa ya kwapa iliyobaki juu ya ngozi.

Unataka kujua uwezekano ni upi. Marekani, katika kila wanawake 100 wanaopigwa picha bila ya kuwa na dalili, kiasi cha 10 huitwa tena, na katika hao walioitwa ni pungufu ya mmoja katika 10 anayekutwa na saratani. Uingereza huita wachache zaidi, kiasi cha 4 katika 100, na katika hao 4 mmoja hukutwa nayo. Hizo ni hesabu za nchi zao na za wanawake wasio na dalili, kama wewe. Mwanamke aliyejishika donge mwenyewe asizitumie kujifariji, kwa kuwa hali yake ni nyingine.

Siku ya miadi watakupiga picha za sehemu ile tu, titi likibanwa mahali padogo au picha ikikuzwa. Kubana kunaumiza kwa sekunde chache, basi. Mionzi ya picha kamili ya matiti yote mawili ni kidogo, sawa na ile ya asili inayompata mtu kutoka ardhini na angani kwa muda wa wiki saba hivi, kwa hivyo kurudia picha kusikutie hofu juu ya hofu. Wengi huishia hapo au kwenye ultrasaundi. Wakitaka kuchukua kipande, watakutia ganzi, watachanja ngozi milimita chache tu, na sindano yenye tundu itachota vipande vyembamba. Utasikia mlio wa kifaa kila kinapochota, na mlio huo ndio unaowashtua watu kuliko maumivu. Utapata uvilio wa damu na kidonda cha siku chache. Wengi wa wanaochomwa sindano hiyo, vipande vyao hukutwa havina saratani.

Sindano haisambazi maradhi. Ninaelewa imani hiyo ilikotoka: zamani mtu alipelekwa hospitali titi likiwa limekwisha kuharibika, akachomwa sindano, akafa baada ya muda mfupi, na watu wakaishika sindano kuwa ndiyo muuaji. Bila ya sindano daktari hawezi kujua anatibu nini, na wengine hukatwa titi zima kwa kitu ambacho kingeachwa kikae.

Kuhusu harusi, siku chache za huku na huku hazibadilishi kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti wa 2021, limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kituoni mara ya kwanza, na hicho ni kipimo kizuri cha kujipimia. Lakini "mambo yakitulia" si tarehe. Shughuli zetu za pwani huzaana: harusi ikiisha kuna fungate, kuna wageni wa kusindikizwa, kuna vyombo vya watu vya kurudishwa, na mara mwezi wa Ramadhani umeingia. Kama ni lazima usogeze, piga simu upewe siku nyingine kabla ya kuiacha ile ya kwanza.

Mwalimu wa Barani, Malindi

Dada yangu, pole sana. Bibi aliyetangulia amekupa elimu ya picha, nami nitajibu lile la siku za kungoja, maana niliitwa kama wewe. Kwanza ujue kwamba wahaka huo si upungufu wa imani wala utoto. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2013 utafiti wao juu ya wanawake walioitwa tena kisha wakakutwa hawana saratani, na waliona kwamba hata baada ya miaka 3 wanawake hao walikuwa bado na athari za moyoni kuliko wale ambao hawakuitwa kabisa. Nilipousoma nilipata faraja ya ajabu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuambiwa nisali tu niache kufikiri, kana kwamba sikuwa nikisali.

Jambo la kwanza lililonisaidia ni kuacha kujipapasa. Uchunguzi wako sasa uko kwenye vyombo vinavyoona kisichoshikika kwa vidole, kwa hivyo vidole vyako vya saa nane za usiku havitaongeza habari yoyote, ila vitaliumiza titi likupe sababu mpya ya kukesha. La pili ni simu. Sikuiacha kabisa, kwa sababu anayesema ataiacha kabisa anajidanganya, lakini nilijiwekea kwamba sitafuti habari za maradhi baada ya magharibi. Zinazojaa mtandaoni ni picha za walioumwa sana na simulizi za waliofiwa. Wale walioitwa tena wakaambiwa wako salama hawakupata la kuandika, walikwenda zao sokoni.

La tatu huenda ukaliona la ajabu. Nilijiwekea wakati maalumu wa kuogopa. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilikaa na daftari nikaandika hofu zote zilizonijia, na mbele ya kila hofu nikaandika swali la kumuuliza daktari. "Nitakufa" ikawa "jibu likiwa baya, hatua ya kwanza ni ipi na inafanyika wapi?" "Watalikata titi" ikawa "ni hali gani zinazotibiwa bila ya kuondoa titi zima?" Hofu ikinijia usiku niliiambia ingoje alasiri. Haikutii mara zote, lakini ilitii mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Na mwili wenyewe una mlango wake: ukivuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua kasi. Mimi niliifungamanisha na uradi wangu, kila neno na pumzi yake, na mara nyingi usingizi ulinichukua kabla ya tasbihi kuisha. Kahawa niliiacha baada ya adhuhuri, si kwa kuwa ina neno na matiti, bali kwa kuwa humfanya mwenye wasiwasi aone moyo unakimbia akadhani kuna jingine.

Mama yangu aliposikia aliniletea kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa, na shangazi akasema ni husda. Kombe nililinywa kwa adabu na siku ya miadi nilipanda gari kwenda Mombasa. Sikuona mgongano wowote. Ningeona mgongano kama aliyeliandika angesema nisiende hospitali, na ukikutana na mtu wa namna hiyo, mpe heshima yake na uondoke.

Umeuliza umwambie nani. Tafuta mtu mmoja anayeweza kunyamaza na anayeweza kusafiri nawe, huyo binamu wa Mombasa akiwa wa kwanza, kwa kuwa jambo analijua tayari. Kisha mwambie mume wako, na umwambie pamoja na kazi ya kufanya, kwa maana mtu mwepesi wa kubabaika hubabaika zaidi akikaa mikono mitupu. Mpe tiketi, mpe simu za hospitali. Mama yako anaweza kungoja hadi uwe na jibu la kumpa. Hilo si uongo, ni mpango wa maneno.

Ninaongeza jambo ambalo mimi sikuelezwa. Picha za ziada zilipopigwa, niliwekwa katika namba 3, nikaambiwa nirudi baada ya miezi 6. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha au kwa kilio, sikujiandaa kwa "tutaangalia tena". Kwa kawaida ufuatiliaji huo huenda hadi miaka 2, na kitu kisipobadilika huhesabiwa kuwa hakina madhara. Kwa hivyo usiufungie moyo wako kwenye siku ile moja kana kwamba yote yataisha siku hiyo. Na ikiwa wiki zinapita huli, hulali, kifua kinabana au machozi hayakatiki, nenda hospitali uwaeleze hilo peke yake, bila ya kungoja jibu la picha, kwa kuwa wasiwasi wa kiasi hicho una matibabu.

Aliyetibiwa, Lamu

Nimewasoma waliotangulia, na wote wamesema kweli. Lakini mimi ni katika wale wachache wa hesabu za bibi wa Malindi, na ningependa mwenzangu asikie sauti ya upande huu pia. Nilipokuwa ninangoja, kila niliyemwambia alinijibu, "Si kitu, inshaallah." Nia yao ilikuwa njema, ila jibu hilo lilinifunga mdomo, kwa sababu baada yake sikuweza tena kuuliza, "Na kama ni kitu?" Nilichokihitaji ni mtu wa kukaa nami kwenye swali hilo kwa muda mfupi, tukalitazama, tukaendelea na mambo mengine. Hofu yangu ilipungua nilipojua hatua zinazofuata, haikupungua kwa kuambiwa hazitahitajika.

Basi hatua zenyewe ni hizi. Sindano ikikuta saratani, kipande kilekile hupimwa zaidi kujua kama inalishwa na homoni na kama ina protini iitwayo HER2, kwa kuwa dawa huchaguliwa kwa kufuata majibu hayo. Hapo kuna kungoja tena, ujue mapema. Kuna wanaofanyiwa upasuaji kwanza, kuna wanaoanza na dawa, na si kila mtu huondolewa titi. Saratani iliyogunduliwa kwa picha kabla ya kushikika kwa mkono mara nyingi huwa bado ndogo. Marekani, wanawake ambao yao imekutwa ingali ndani ya titi, ukiwalinganisha na wenzao wa umri huo wasio nayo, zaidi ya asilimia 99 huwa hai baada ya miaka 5. Kwetu mambo ni magumu zaidi, kwa sababu wengi wetu hufika tukiwa tumechelewa. Mficha uchi hazai, na nadhani mama yako mkubwa, Mungu amrehemu, alifichwa na watu wengine zaidi ya alivyojificha mwenyewe.

Juu yake yeye, muulizie mama yako, kwa upole na kwa wakati wake, dadake aliugua akiwa na umri gani, na kama kuna mwingine katika upande huo aliyepata saratani ya titi au ya kifuko cha mayai. Daktari atalitaka hilo. Aliyeugua kabla ya miaka 50 ana uzito mwingine katika historia ya ukoo kuliko aliyeugua uzeeni. Lakini usijihukumu kwa ajili yake, kwa kuwa wengi wanaopata maradhi haya hawana jamaa hata mmoja aliyeyapata, na wengi wenye jamaa kama hao hawayapati.

Tena kuna fedha, ambazo watu huona haya kuzitaja na ndizo zinazokesha nawe usiku. Tangu Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya taifa ya Kenya, imepokewa na SHA, kwa hivyo hakikisha umesajiliwa na mchango wako umelipwa, kisha uliza hospitali kabla ya kuondoka Lamu kipimo gani kinalipiwa na kipi utatoa mfukoni, na kama kuna idhini inayotakiwa kutangulia. Ni vibaya mno kuvuka hadi Mokowe, ukapita Witu, Garsen na Malindi kwa basi, ukafika Mombasa ukiwa umechoka, ndipo ukaambiwa karatasi moja haipo. Panga kulala kwa binamu, usipange kwenda na kurudi. Na siku hiyohiyo uwaulize waziwazi: jibu la maabara litatoka lini, nitaelezwa na nani, kwa simu au ana kwa ana, na siku hiyo ikipita nimpigie nani? Mimi niliachwa ningoje bila ya tarehe, na kungoja kusiko na tarehe ndiko kulikonila, kuliko hata jibu lenyewe.

Mume, Malindi

Mnisamehe kuingia katika mazungumzo ya kina mama. Mke wangu aliitwa tena na akanificha hadi siku ya mwisho kwa sababu hiyohiyo, kwamba nitababaika. Nilibabaika kweli, lakini nilibabaika zaidi kwa yale niliyokuwa nikiyawaza kabla ya kuambiwa, nilipomwona halali, hali na hasemi. Nilidhani kuna jambo baina yetu. Mwambie mumeo. Akikosa la kusema, mwache akose.

Mama wa Langoni, Lamu

Allah awalipe nyote. Nimemwambia mume wangu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza boti ya kwanza ya kwenda Mokowe inaondoka saa ngapi, na sasa yeye ndiye anayeshughulikia SHA na tiketi. Miadi siisogezi. Jikoni ya harusi nimemkabidhi wifi yangu, ambaye kwa kweli alikuwa akiitamani siku zote, na nimesema nina shughuli ya hospitali Mombasa bila ya kutaja ya nini. Hakuna aliyeuliza zaidi ya mmoja, na huyo huuliza kila kitu. Daftari nimeanza. Usingizi bado ni wa mang'amung'amu, lakini kujipapasa nimepunguza.

Nimebakiwa na mambo madogo. Ninaweza kuomba nihudumiwe na mwanamke? Nikiwa na hedhi siku hiyo, niende? Na mimi hunywa aspirini kila siku kwa amri ya daktari wa moyo. Ina neno na sindano?

Mpiga Eksirei Mstaafu, Malindi

Hayo si madogo, mwanangu. Unapopiga simu kuthibitisha miadi, sema tangu hapo kwamba unataka mhudumu wa kike. Wanaopiga picha za matiti mara nyingi ni wanawake, lakini daktari wa sindano huenda akawa mwanamume, na hapo unayo haki ya kumwomba muuguzi wa kike asimame nawe na ufunuliwe sehemu inayohitajika tu. Vaa blauzi na sketi ndani ya buibui badala ya gauni, ili uvue ya juu peke yake, na uchukue leso yako ya kujifunika unapongoja.

Hedhi haizuii kitu. Matiti hubanwa kwa maumivu machache zaidi katika wiki inayofuata hedhi, lakini hiyo si sababu ya kuisogeza miadi.

Aspirini itaje sasa kwa simu, usingoje ukiwa kitandani. Usiiache kwa uamuzi wako, kwa kuwa uliandikiwa kwa ajili ya moyo. Daktari wa sindano na daktari wako wa moyo ndio watakaokubaliana kama uiache kwa siku kadhaa au uendelee nayo. Taja na dawa nyingine zote, pamoja na za miti shamba.

Kula asubuhi kama kawaida, hakuna kufunga. Oga, usipake poda, mafuta, marashi wala dawa ya kwapa kuanzia kifuani hadi makwapani, na nguo za siku hiyo usizifukize udi, maana najua nyumba yenye harusi. Na zile picha za mwanzo zichukue zote, filamu au diski pamoja na ripoti yake, hata kama unarudi hospitali ileile, kwa sababu faili hupotea na daktari atazihitaji mbele yake.